Mluzi wa Mara ya Tatu

Amplifaya ya Mzee Nyuzi, mpiga gitaa, ilibebwa na watu wawili, na wote wawili walinung'unika. Ilikuwa kabati la mbao lililovikwa ngozi nyeusi iliyochunika pembeni, ndani spika mbili, nyuma taa nne za kioo ambazo lazima zipate moto kwanza ndipo mashine iseme neno. Siku za kazi ilikaa ukumbini. Siku nyingine ilikaa sebuleni, kati ya kochi na mlango wa chumbani, na anayetaka kupita alipita ubavu kama kaa. Mke wa Nyuzi alishaacha kuilalamikia. Aliitandikia kitambaa na kupanga vikombe juu yake.

Jumatatu mchana binti yao alisogeza vikombe, akaweka juu ya kitambaa kitu kisichozidi tofali moja.

"Baba, hii hapa."

"Hii nini?"

"Amplifaya yako. Nimeiingiza humu nzima nzima."

Nyuzi alikitazama kile kisanduku. Kilikuwa na kioo kidogo na vitufe vitatu vya kukanyaga. Akamtazama binti, akamtazama mkewe aliyekuwa akikunja nguo.

"Mama watoto, umesikia? Ng'ombe ameingia ndani ya kibiriti."

Mkewe alicheka kidogo. Binti hakucheka. Alikuwa fundi mitambo wa ukumbi uleule ambao bendi ya baba yake ilipiga kila Jumamosi, wateja wakila na kunywa kuanzia mchana. Kazi hiyo aliipata kwa miaka miwili ya kuzungusha nyaya bila mshahara, mpaka mwenye ukumbi akamkabidhi miksa, meza ya kuchanganyia sauti, na funguo. Hakukuwa na mwanamke mwingine mjini aliyekaa kwenye kiti cha miksa, na watu hawakukosa la kusema.

"Bosi ametoa amri," alisema. "Kuanzia Jumamosi hakuna amplifaya jukwaani. Wateja wanalalamika, wanaagiza chakula kwa ishara kama mabubu. Wote mtachomeka kwenye miksa, na kila mtu atajisikia kwa spika ndogo za masikioni."

"Na mimi?"

"Ndiyo maana nimekuletea. Nimeweka kipaza sauti mbele ya mashine yako siku mbili, nikapiga kila aina ya sauti, kisanduku kikajifunza. Baba, ni ileile. Hata ule mkwaruzo wake ukikaza kamba."

"Hata kasuku hujifunza," Nyuzi alisema. "Lakini nani atamwachia kasuku mtoto amlelee?"

"Baba!"

"Hakina pumzi hicho. Mimi nifumbwe macho, nizibwe na pua, nitakwambia ipi ni mashine na ipi ni kasuku. Mwambie bosi wako hivyo."

Alisema kwa sauti ya juu, kama alivyosema kila kitu siku hizi, na mkewe akainua macho kutoka kwenye nguo akamtazama kwa muda mrefu.

* * *

Binti alikuwa hajui jambo ambalo wazazi wake walilijua. Mama yake alifua shuka hospitalini, na kupitia kwa muuguzi mmoja aliyemhurumia, mwaka uliopita alimpeleka mumewe akapimwe masikio. Walimkalisha kwenye kijumba chenye kuta za sponji, wakamwambia anyooshe kidole kila akisikia sauti. Alinyoosha kidole kwa sauti nene. Kwa zile nyembamba alikaa na mkono wake gotini kama mtu anayesubiri gari. Daktari aliwaonyesha karatasi yenye mstari uliokwenda vizuri, halafu ukatumbukia kama mtu aliyekosa ngazi.

"Miaka yote hii ulikuwa unasimama wapi?" daktari aliuliza.

"Mbele ya amplifaya."

"Basi ndiyo iliyokula."

Karatasi ile ilikuwa chini ya sanduku la nguo. Mkewe aliapishwa asiseme, na hakusema, ila kila alfajiri alipopiga magoti aliitaja mbele za Mungu, kwa maana huko hakuapishwa.

Mashine iliyomla sikio ndiyo hiyohiyo iliyokuwa ikimshika mkono. Nyuzi aliisikia kwa miguu. Alisimama hatua moja mbele yake, upepo wa spika ukimpiga kwenye mashavu ya miguu na suruali ikicheza. Mbao za jukwaa zikamletea besi na ngoma kwenye nyayo. Hapo alijua yuko wapi ndani ya wimbo. Usiku wa Jumatatu ileile alivaa kwa siri spika za masikioni alizozikuta kwenye begi la binti, akapiga gitaa lake kupitia kile kisanduku, akasikia kama watu wanaozungumza nyuma ya ukuta wa jirani. Aliongeza sauti mpaka mwisho. Watu wa nyuma ya ukuta walizidi kuwa wakali, lakini hakuelewa wanachosema.

Akikubali kisanduku, watajua kwamba hasikii. Na mpiga gitaa asiyesikia hana hata wa kumpa pole. Kila mtu humcheka.

* * *

Maneno ya kujigamba yana miguu. Jumatano, siku ya mazoezi, Nyuzi alipofika ukumbini alimkuta mwenye ukumbi ameketi katikati ya viti vilivyogeuzwa juu ya meza, akiwa na uso wa mtu aliyeletewa mchezo.

"Mzee Nyuzi! Nasikia unaweza kupambanua ukiwa umefumba macho."

"Naweza, bosi."

"Haya. Mara tatu. Ukipatia zote, mashine yako inabaki jukwaani na mimi nitawajibu wateja mwenyewe. Ukikosa hata moja, unachukua kisanduku. Hutaki kisanduku, kuna vijana wanaokitaka na wanajua na kuimba."

Vijiti, mpiga ngoma, alikohoa. "Bosi, hapo umemfungulia mzee mlango wa peponi. Huyu anajua mashine yake kuliko anavyomjua mkewe."

Wanabendi wakacheka. Nyuzi naye akacheka, maana alikuwa na hesabu yake. Atasimama jukwaani. Ikiwa ni amplifaya, mbao zitatetemeka. Ikiwa ni kisanduku, hazitatetemeka. Mtoto mdogo angeshinda.

"Basi niwekeeni kitambaa machoni," alisema, akipanda jukwaani.

"La, Baba," binti alisema kwa adabu. "Shuka. Utakaa pale chini, kwenye vigae. Amplifaya nimeifungia stoo na kipaza sauti mbele yake. Zote mbili zitatokea kwenye spika za ukumbi, ili pasiwe na hila. Mimi nitapiga gitaa nyuma ya pazia."

Alisema hivyo kwa fahari. Alitaka haki itendeke. Na alitaka, Mungu amsamehe, baba yake ashindwe kwa haki, ili akubali kazi ya mikono yake.

Nyuzi alishuka. Vigae vilikuwa baridi na vimekufa. Walimfunga macho kwa taulo la jikoni lenye harufu ya sabuni.

Wakati huo wanawake wawili wa kampuni fulani waliingia na makabrasha, walikuja kuukagua ukumbi kwa mkutano wao mkuu wa mwaka. Mwenye ukumbi akawavutia viti. "Karibuni, karibuni. Mmekuja saa nzuri, tuna onyesho."

Mara ya kwanza gitaa lililia, kitu cha polepole ambacho Nyuzi mwenyewe alimfundisha binti alipokuwa hajafikisha miguu chini akikaa kwenye kochi. Alisikia sehemu ya chini ya wimbo ikitembea peke yake, kama bwana harusi asiye na bibi.

"Mashine," alisema.

"Kweli," binti alijibu kutoka nyuma ya pazia.

Mara ya pili ilikuwa ileile, na hakuona tofauti hata ya unywele. Alimwomba Mungu moyoni, ombi fupi la mtu mwongo, akasema, "Kasuku."

"Kweli."

Vijiti alipiga kofi. "Mnaona? Ana masikio ya popo huyu!"

Mara ya tatu gitaa lilianza chini, likapanda taratibu. Nyuzi aliinamisha kichwa kama anayesali. Aliamua kwamba mchezo wa namna hii lazima umalizikie kwa mashine. Basi akatabasamu, akanyanyua mkono juu, akasema kwa sauti ya kutosheka:

"Hiyo ndiyo yangu. Sikieni ilivyo nyororo. Nyororo kama mafuta."

 Akasubiri. Kisha kitu kama kicheko kikazuka upande wa ngoma, kikakatika. Akavua taulo.

Wanabendi wote walikuwa wameziba masikio. Mwanamke mmoja wa kampuni alikuwa ameinama mpaka mezani, mikono kichwani, na kabrasha lake limetawanyika sakafuni. Mwenye ukumbi alikuwa na kidole kimoja ndani ya kila sikio, na alikuwa akipiga kelele kuelekea pazia. Ndipo binti akazima, kila mmoja akashusha mikono yake taratibu kama watu waliotoka chini ya mvua ya mawe.

"Nyororo?" mwenye ukumbi aliuliza. "Mzee, mluzi ule! Umetaka kutupasua vichwa! Hukuusikia?"

Nyuzi aliona vinywa vyao vyote vimemgeukia. 

Pazia likasogea, binti akatoka. Alimtazama baba yake, na Nyuzi aliona jinsi jambo lilivyomwingia: kwanza machoni, kisha mdomoni, kisha mabegani. Mkononi alishika waya mwembamba mweusi wa kile kisanduku, kichwa cha waya kimelegea na kuning'inia. Waya wa amplifaya ulikuwa mnene, wa njano. Nyuzi aliufunga mwenyewe na asingeweza kuufananisha na mwingine. Kilicholia kilikuwa kasuku.

"Ilikuwa ipi?" mwenye ukumbi aliuliza.

Binti aliusokota ule waya mweusi, akautia mfuko wa nyuma wa suruali.

"Mashine," alisema. "Mzee amepatia. Kosa ni langu. Kipaza sauti nilikisogeza karibu mno kikapiga mluzi. Yeye alikuwa hasikilizi mluzi, alikuwa anasikiliza gitaa lililo chini yake. Ndivyo wanavyosikiliza watu wa zamani."

Vijiti alirusha vijiti vyake juu. "Nimesema! Masikio ya popo! Chini ya kelele zote zile, mzee kaiona mashine yake!" Wakamvamia Nyuzi, wakampiga mgongoni, mmoja akamnyanyua kutoka kitini.

Wanawake wa kampuni waliokota makaratasi yao. Mkubwa wao alisema jambo ambalo Nyuzi hakulipata, kwa kuwa alimpa kisogo, lakini alizisoma nyayo zao zikielekea mlangoni, na aliusoma uso wa mwenye ukumbi.

"Mkutano wa watu mia tatu," mwenye ukumbi alisema polepole. "Chakula, vinywaji, kila kitu. Umeupigia mluzi ukaondoka." Akamgeukia binti. "Watu walinikataza. Waliniambia kazi hii si ya mtoto wa kike. Weka funguo mezani."

"Bosi, ni mluzi tu..."

"Weka funguo mezani. Vitu vyako utafuata Jumamosi, leo sitaki kukuona."

Funguo zililala mezani. Binti hakumtazama tena baba yake. Lakini mwenye ukumbi alimtazama Nyuzi, maana hata mtu mwenye hasira ana sehemu inayotafuta wa kuizuia.

"Mzee Nyuzi, ni mwanao. Una la kusema?"

Alikuwa nalo. Lilikuwa fupi, sentensi moja. Lingemaliza kila kitu mahali pale: funguo zingerudi mkononi mwa binti, na yeye angetoka mlangoni kwa miguu yake, na gitaa mgongoni, asirudi.

"Kazi ni kazi, bosi," Nyuzi alisema. "Fundi akikosea, amekosea."

* * *

Nyumbani walikula watatu pamoja. Binti alikula vizuri, akamsifu mama kwa mboga, akaondoa sahani. Kisha akakaa mkabala na baba yake, mahali ambapo baba angeweza kuuona mdomo wake yeye. Alikuwa ameanza tayari kuchagua pa kukaa.

"Baba, mluzi uliusikia?"

"Niliusikia."

"Basi sawa."

Alinyanyuka akaenda kulala, ingawa jua lilikuwa halijazama.

Mkewe alifunga mlango wa sebule. Alikuwa amekwisha kuambiwa yote. Habari ilimkuta hospitalini kabla hajamaliza zamu.

"Mume wangu, yule mtoto amefukuzwa kwa ajili yako."

"Hakuna aliyemtuma aseme uongo."

"Hakuna. Na wewe hakuna aliyekuziba mdomo."

"Ningesema nini? Kwamba mimi ni kiziwi? Unajua tunakula nini hapa? Mshahara wako wa shuka?"

"Mshahara wangu wa shuka na mshahara wake wa nyaya. Sasa umebaki wa shuka." Hakupandisha sauti, alisogea karibu tu, ili kila neno lifike. "Nimekuombea mwaka mzima. Nilimwambia Mungu, mfunike mume wangu asiaibike. Sikujua ninaomba mtoto wangu awe yeye blanketi. Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Sikulaumu kwa sikio. Lakini ulimi wako ulikuwa mzima, Baba watoto. Ulimi ulikuwa mzima kabisa."



"Nitamwambia bosi Jumamosi," Nyuzi alisema. "Kabla hatujapiga."

"Apa."

"Mungu anasikia."

"Yeye anasikia," mkewe alisema, akachukua kikapu cha nguo akatoka uani.

* * *

Siku ya Jumamosi alifika mapema, amevaa shati lililopigwa pasi na mkewe bila kuombwa. Njiani alikuwa ameyapanga maneno. *Bosi, naomba dakika moja. Mluzi ule sikuusikia. Mtoto alinifichia aibu.* Hayakuwa mengi. Aliyarudia mpaka yakakaa mdomoni kama kokoto.

Mlangoni pa ukumbi palikuwa na bango jipya. Picha yake mwenyewe, gitaa kifuani, nyuma yake amplifaya, na maandishi makubwa mekundu: MZEE MWENYE SIKIO. NJOO UMJARIBU. Chini yake, kwa maandishi madogo, palitajwa zawadi kwa mteja atakayemshinda.

"Umeona?" Mwenye ukumbi alimshika bega. Ukumbi ulikuwa umejaa kabla ya saa sita, jambo lisilowahi kuonekana. "Habari imezunguka mji mzima! Watu wanakuja kuona mzee anayesikia chini ya kelele. Kampuni imekwenda, lakini huyu hapa Mungu ameleta wengine. Mshahara wako tutauangalia upya."

"Bosi, nilikuwa naomba dakika..."

"Baadaye, baadaye. Panda, wanakusubiri."

Nyuzi alipanda. Hakusukumwa wala hakushikwa mkono. Amplifaya ilikuwa mahali pake, taa zake nne zimeshapata moto. Kwenye miksa alikaa kijana mgeni anayetafuna jojo. Bendi ikaanza, upepo ukampiga miguuni, mbao zikamwambia yuko wapi, na kwa nyimbo tatu alikuwa mtu mzima, mwenye kazi, mwenye jina. Alipiga vizuri. Hilo lazima lisemwe, alipiga vizuri kuliko miezi mingi.

Baada ya wimbo wa tatu Vijiti alivuta kipaza sauti karibu na mdomo, kama alivyozoea kuwachekesha wateja wakati wengine wakipumzika. Nyuzi alikuwa amempa mgongo. Aliona tu meza ya mbele ikifungua vinywa, kisha meza ya pili, kisha ukumbi mzima ukiinama na kunyooka kwa kicheko, watu wakipigana mabega. Mwenye ukumbi alifuta machozi. Kijana wa miksa alicheka mpaka jojo likamtoka.

Basi Nyuzi naye akacheka. Alicheka kwa nguvu, kichwa nyuma, akapiga paja lake, ili asibaki peke yake jukwaani na uso mkavu.

Alipoinamisha kichwa chini alimwona binti yake. Alikuwa amesimama karibu na miksa, na begi lake la vifaa begani, amekuja kuchukua vitu vyake kama alivyoambiwa. Yeye peke yake katika ukumbi mzima ndiye aliyekuwa hacheki. Alikuwa akimtazama baba yake, akimtazama anavyocheka, kwa uso uleule aliokuwa nao alipokaa mkabala naye mezani. Safari hii hakuuliza kitu. Alirekebisha mkanda wa begi, akageuka, akapita katikati ya meza, na watu walimnyooshea vidole alipokuwa akipita.

Vijiti aliinuka kwenye ngoma zake, akamwinamia Nyuzi sikioni, akampigia kelele:

"Mzee, wewe una moyo wa jiwe! Nilidhani utanipiga na gitaa!"

"Kwa nini? Umesema nini?"

"Hukusikia?" Vijiti alicheka tena. "Nimewaambia wasiogope mluzi leo. Kwamba aliyekuwa akiupiga tumeshamrudisha jikoni kwa mama yake, akaunganishe nyaya za jiko."

Nyuzi alitazama mlangoni. Mwenye ukumbi, kutoka mezani kwake, alizungusha kidole hewani: endeleeni, endeleeni. Vijiti akarudi kwenye kiti chake akagonga vijiti mara nne. Nyuzi hakuzisikia hizo nne. Alisubiri mbao zitetemeke, na zilipotetemeka akaingia.